Jinsi ya kuthibitisha usalama wa programu ya setilaiti ya wanafunzi: mwongozo kamili

Rasimu za tasnifu ninazoletewa kuhusu setilaiti za wanafunzi hufia mahali pamoja. Sura tatu za mwanzo huwa safi: michoro, orodha ya viwango, picha za bodi. Kisha sura ya nne inasema, kwa maneno haya au yanayofanana nayo, "programu ilijaribiwa na ikafanya kazi vizuri." Mtahini anauliza swali moja tu: umeme ukikatika dakika ya 12 baada ya setilaiti kuachiwa angani, antena itafunguka lini? Kimya.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kimya hicho. Nitatembea na mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kufungua antena ya setilaiti ya aina ya CubeSat, yaani setilaiti ndogo inayoundwa kwa vipande vya umbo la mchemraba. Antena huwa imekunjwa na kufungwa kwa uzi wa nailoni. Muda ukifika, kompyuta ya ndani inapitisha umeme kwenye rezista ndogo, rezista inapata moto, uzi unakatika, antena inaruka nje. Programu ya kazi hiyo inatosha ukurasa mmoja, na bado imebeba karibu kila kosa ninalolijua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Setilaiti ya mezani. Bodi zote halisi, au nakala zake, zimetandazwa mezani na kuunganishwa kwa waya: kompyuta ya ndani, bodi ya umeme, redio, saketi ya kukatia uzi. Kiigizaji kwenye kompyuta mpakato kitakusaidia mwanzoni, lakini ushahidi wa tasnifu hautoki huko.
- Chanzo cha umeme chenye kikomo cha mkondo, pamoja na relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) unayoweza kuiendesha kwa programu ili ikate na kurudisha umeme yenyewe.
- Msimbo wote kwenye Git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo), na njia ya kujua ni toleo gani hasa limepakiwa kwenye bodi.
- Masharti ya anayekurushia. Soma pia hati ya viwango vya CubeSat inayotolewa na Cal Poly, chuo kikuu cha California. Wengi huisoma kwa ajili ya vipimo vya mwili na kuruka sehemu ya umeme na muda.
- Kitabu cha mwongozo cha STPA (njia ya kuchambua hatari za mfumo kupitia amri zake) cha Nancy Leveson na John Thomas cha mwaka 2018. Kinapatikana bure. Ukiweza, pata pia NASA-STD-8739.8 na ECSS-Q-ST-80C, hati za viwango vya programu za Marekani na Ulaya, ila usianze nazo.
- Daftari la karatasi lenye kurasa zilizopewa namba.
- Mtu mmoja ambaye hakuandika msimbo huo. Hiki ndicho kifaa kinachokosekana mara nyingi kuliko vyote.

## Hatua ya 1: Andika hasara kabla ya kufungua msimbo

Chukua karatasi na ujibu: ni mambo gani hatukubali kabisa yatokee? Kwa setilaiti ndogo orodha huwa fupi:

- H1: mtu anaumia, au roketi, kituo cha anga au mzigo wa wengine unaharibika.
- H2: redio yetu inavuruga mawasiliano ya wengine na hatuwezi kuizima.
- H3: tunaacha takataka angani ambazo hazikupangwa.
- H4: tunapoteza setilaiti kabla haijafanya kazi iliyotumwa.

Kwa nini kuanzia hapa. Programu inayofanya kazi na programu isiyoleta madhara ni vitu viwili. Setilaiti iliyokufa ndani ya kasha la kurushia (sanduku linaloibeba kwenye roketi na kuiachia angani) haimdhuru mtu: H1 iko salama, H4 imetokea. Setilaiti inayofungua antena yake bila kosa hata moja ikiwa bado imo ndani ya kasha imefanya kazi yake barabara, na inaweza kukwama humo ikazuia hata zilizo nyuma yake. Usipozitenganisha hasara hizi mapema, utafika mwisho ukiwa umepima moja huku ukidai nyingine.

Tahadhari. "Programu kuganda" si hasara. Ni sababu, na zamu yake itafika hatua ya 5.

Utajua umefaulu ukiwa na mistari isiyozidi mitano, na hakuna hata mmoja unaotaja msimbo.

## Hatua ya 2: Libane swali la utafiti

"Kuboresha usalama wa programu za setilaiti ndogo" ni jina la idara nzima. Swali linalofaa lina kitu kinachobadilishwa, kitu kinachopimwa na hali inayojulikana. Kwa mfano:

*Je, kuhifadhi kipima muda cha antena kwenye kumbukumbu isiyofutika, kwa nakala mbili zenye namba ya uhakiki, kunapunguza idadi ya mara antena inapofunguka mapema au kutofunguka kabisa, pale umeme unapokatika ghafla katika dakika 30 za kwanza?*

Kumbukumbu isiyofutika ni ile inayobaki na data hata umeme ukikatika. Namba ya uhakiki hukokotolewa kutoka kwenye data ili kuonyesha kama imeharibika. Angalia maneno "mapema *au* kutofunguka kabisa". Yameingizwa makusudi, na huko mbele utaona kwamba tasnifu nzima imening'inia kwenye hilo "au".

Utajua umefaulu ukiweza kumwambia mwenzako ni matokeo gani yangekuonyesha kwamba ulikosea. Kama hayapo, rudi ulibane tena.

## Hatua ya 3: Chora nani anamwamuru nani

Mchoro wa bodi hautoshi. Unataka mchoro wa udhibiti: masanduku ni watoa amri na wapokea amri, mishale inayoshuka ni amri, inayopanda ni taarifa. Juu kabisa weka watu wa kituo cha ardhini, chini yao kompyuta ya ndani, chini yake bodi ya umeme, redio na saketi ya antena. Pembeni weka swichi za utenganisho, zile zinazobanwa setilaiti ikiwa ndani ya kasha na kuachia ikitoka.

Watu lazima wawemo. Mwezi Machi 2016 Japani ilipoteza Hitomi, darubini ya anga iliyokuwa imerushwa mwezi uliotangulia. Mfumo wake wa mwelekeo uliamini kwamba chombo kinazunguka wakati hakizunguki. Ulipofika wakati wa injini ndogo kukituliza, zilifuata vigezo visivyo sahihi vilivyokuwa vimetumwa kutoka ardhini, zikakizungusha kwa kasi zaidi mpaka vipande vikamegeka. Kompyuta ilitii ilichoambiwa. Mchoro usio na mtu anayetuma vigezo usingeliona kosa la namna hiyo.

Utajua umefaulu kila mshale unaoshuka ukiwa na mwenzake unaopanda, au umeandika wazi kwamba taarifa haipo. Antena huwa hivyo mara nyingi: kompyuta inaamuru uzi ukatwe, lakini haina kihisi cha kuijulisha kama ulikatika kweli. Hapo tayari umepata kasoro ya kwanza, na hujagusa msimbo.

## Hatua ya 4: Ichunguze amri moja kwa njia nne

Njia hizi nne ndizo kiini cha STPA. Chukua amri "kata uzi wa antena" uiulize:

Isipotolewa? Antena inabaki imekunjwa, redio haisikiki. H4.

Ikitolewa pasipotakiwa? Setilaiti imo ndani ya kasha. H1.

Ikitolewa mapema au kwa kuchelewa? Viwango vya CubeSat vinataka sehemu zinazofunguka zisubiri angalau dakika 30 baada ya setilaiti kuachiwa, na toleo la 13 la hati hiyo linataka redio inyamaze dakika 45. Mapema, unaweza kugonga jirani au chombo kilichokuachia. Kwa kuchelewa, betri inaweza kuisha kabla.

Ikidumu muda mrefu kuliko inavyotakiwa, au ikikatizwa? Hili husahaulika sana. Rezista ya kukatia uzi inakula umeme mwingi. Programu ikiganda wakati imewashwa, betri inashuka, kompyuta inazimika, inawaka tena, inaanza kukata uzi upya, betri inashuka tena. Ikikatizwa mapema mno, uzi unalainika bila kukatika, na kumbukumbu tayari imeandika "nimemaliza".

Rudia kwa amri tano au sita zenye uzito, usifanye hamsini. Aliyechunguza amri sita mpaka chini ana tasnifu. Aliyejaza jedwali la amri hamsini kwa maneno "mfumo unaweza kufeli" ana jedwali.

## Hatua ya 5: Tafuta sababu, na hapa usiwe na haraka

Kwa kila jibu baya la hatua ya 4, uliza: programu ingefikaje hapo? Nitakupa mitego mitatu. Miwili ilitokea angani, mmoja unaweza kuuona mezani kwako leo.

Mtego wa hesabu. Dakika 30 ni milisekunde 1,800,000. Kigezo cha biti 16 kisicho na alama ya hasi kinaishia 65,535, kisha kinarudi sifuri. Ukiitia namba hiyo humo, kinachobaki baada ya kuzunguka mara 27 ni 30,528. Yaani dakika 30 zimegeuka sekunde 30 na nusu. Tazama ulivyo na hila: mezani watu hufupisha muda ili wasisubiri, kwa hiyo anayeona antena inafunguka sekunde ya 30 atadhani ni thamani ya majaribio, ataweka alama ya tiki na kwenda kunywa chai. Ndiyo maana maonyo yote ya kompaila (programu inayotafsiri msimbo kwa lugha ya mashine) lazima yawashwe na yasomwe, hasa yale ya kubadilisha aina ya namba.

Hata biti 32 zina mwisho wake. Milisekunde zikihesabiwa humo huzunguka na kurudi sifuri baada ya siku 49.7. Misheni ya mwaka mmoja itapita hapo mara saba.

Mtego wa kitu kinachokua. LightSail 1, setilaiti ndogo ya shirika la The Planetary Society, ilirushwa tarehe 20 Mei 2015 na ikanyamaza siku mbili baadaye. Programu yake ilikuwa inaandika telemetria (taarifa za hali yake) kwenye faili, na kila taarifa mpya ililiongeza faili hilo. Lilipofika megabaiti 32 mfumo ukaanguka. Amri za kuiwasha upya zilitumwa kutoka ardhini bila mafanikio. Ilijiwasha yenyewe siku nane baada ya kunyamaza, na wahusika waliona kwamba huenda chembe ya mionzi ndiyo iliyoipiga kumbukumbu. Jaribio la saa mbili mezani lisingeweza kuliona kosa hilo.

Mtego wa upande salama. Huu ndio ninaotaka ukae nao. KickSat, mradi uliozaliwa Chuo Kikuu cha Cornell, ilirushwa Aprili 2014 ikiwa imebeba visetilaiti vidogo zaidi ya mia moja. Ilipangiwa kusubiri siku 16 kabla ya kuviachia, ili visimkaribie mtu yeyote njiani. Tarehe 30 Aprili kompyuta yake ilijiwasha upya, na saa iliyokuwa inahesabu siku hizo ikarudi mwanzo. Kwa H1 na H3 hilo ni jambo jema kabisa: ukipoteza saa, anza kusubiri upya, usiachie kitu. Lakini siku mpya ya kuachia iliangukia baada ya siku ambayo setilaiti ingeshuka yenyewe kwenye angahewa, na betri ilikuwa dhaifu mno kupokea amri ya kuwahisha. Katikati ya Mei iliungua na mzigo wake wote ndani.

Saa kurudi sifuri kulilinda wengine na kukaiua misheni. Kila kigezo kwenye programu yako kina upande wake salama, na upande huo mara nyingi hulinda hasara moja kwa gharama ya nyingine. Kwa hiyo, kando ya kila kigezo kinachohifadhiwa, andika: *kikiharibika, kiangukie wapi, na anayelipa ni nani?*

Utajua umefaulu kila sababu ikiwa imeandikwa kama kisa kinachoweza kuigizwa mezani. "Umeme unakatika wakati kipima muda kinaandikwa" ni kisa. "Kumbukumbu kuharibika" bado ni moshi tu.

## Hatua ya 6: Geuza visa kuwa masharti yanayopimika

Kutoka kwenye visa vyetu, masharti ya antena yanaweza kusomeka hivi:

1. Kipima muda kisizidi kamwe muda halisi uliopita tangu swichi za utenganisho zilipoachia.
2. Umeme ukikatika wakati wowote, kipima muda kisipoteze zaidi ya dakika moja.
3. Nakala zote mbili zikiharibika, kianzie sifuri.
4. Kompyuta ikijiwasha mara 20 bila kufikisha dakika 30, ipunguze matumizi ya umeme na iendelee kuhesabu. Isianze kukata uzi.
5. Rezista isiwake zaidi ya muda uliowekwa, hata programu ikiganda.

Sharti la 3 linalinda H1. La 2 na la 4 zipo ili la 3 lisiiue H4 kama ilivyokuwa kwa KickSat. La 5 halitimiziki kwa programu peke yake: linahitaji saketi ndogo inayozima rezista yenyewe.

Tahadhari kuhusu vizuizi. Setilaiti zinazoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga hudaiwa vizuizi vitatu vinavyojitegemea kwa kila hatari inayoweza kuleta maafa, na viwili kwa hatari ya ngazi iliyo chini yake. Wanafunzi huja na "if" tatu zilizofuatana kwenye msimbo na kuziita vizuizi vitatu. Zote zinaendeshwa na kompyuta moja. Kompyuta ikichanganyikiwa zinaanguka pamoja. Hicho ni kizuizi kimoja, tena cha mashaka. Swichi ya utenganisho inayokata umeme wenyewe ndiyo inayohesabika kando.

Kwa uandishi wa msimbo huna haja ya kubuni sheria zako. Gerard Holzmann wa JPL, maabara ya NASA, alitoa kanuni kumi mwaka 2006 na timu ndogo inaziweza: usitumie rekasheni (funksheni kujiita yenyewe), kila kitanzi kiwe na ukomo, usiombe kumbukumbu mpya baada ya programu kuanza, funksheni isizidi ukurasa mmoja, onyo lolote la kompaila litatuliwe. Zilizobaki kazisome.

## Hatua ya 7: Andaa meza, kisha ifunge

Pakia programu ileile itakayoruka, baiti kwa baiti. Andika alama yake ya uhakiki (namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili zima, inayobadilika hata baiti moja ikibadilika) daftarini kila asubuhi kabla ya jaribio la kwanza.

Usifupishe muda. Najua dakika 30 zinachosha. Ndiyo maana kuna relei: iache meza ifanye kazi usiku, wewe ukalale. Ukibadilisha dakika 30 kuwa sekunde 30 kwa ajili ya jaribio, umejaribu programu nyingine, na ule mtego wa hesabu utakupita mlangoni.

Rekodi zitoke sehemu mbili zisizotegemeana: kile setilaiti inachosema kuhusu yenyewe, na kile kompyuta ya nje inachopima kwenye waya wa rezista. Programu iliyochanganyikiwa itakuambia kwa ujasiri kwamba haikuwasha kitu.

Utajua umefaulu ukiweza kuondoka jioni, ukarudi asubuhi, ukakuta majaribio 14 yamekamilika, kila moja na saa yake, bila mtu kugusa chochote.

## Hatua ya 8: Vunja kwa makusudi

Anza na kukata umeme kwa nyakati za nasibu. Kisha endelea: jaza hifadhi mpaka pomoni, rudisha saa nyuma, tuma amri iliyokatwa katikati, geuza biti moja moja kwenye kumbukumbu kwa kutumia kifaa cha utatuzi kilichochomekwa kwenye prosesa.

Nikusogeze karibu na meza moja. Timu ilikuwa na kipima muda kilichoandikwa kwenye kumbukumbu ya flashi kila dakika, nakala moja, bila namba ya uhakiki. Majaribio arobaini yalipita. Rekodi ya la 41 ilisomeka hivi:

`41 | umeme umekatwa 11:59.8 | umerudi 12:04.1 | muda uliosomwa 4294967295 | REZISTA IMEWASHWA 12:04.3`

Flashi haiandikwi juu ya maandishi ya zamani. Hufutwa kwanza, na kufutwa kwake maana yake kila biti inakuwa 1. Umeme ulikatika katika ile nafasi nyembamba baada ya kufuta na kabla ya kuandika. Uliporudi, programu ilisoma namba kubwa kuliko zote zinazowezekana, ikaiuliza "je, imezidi 1,800?", ikajibiwa ndiyo. Dakika ya 12 antena ingefunguka. Hakukuwa na mstari hata mmoja wa msimbo ulioandikwa vibaya. Kila mmoja alikuwa ameusoma na kuridhika.

Tiba yake ni nakala mbili zinazoandikwa kwa zamu, kila moja na namba ya uhakiki, na sharti kwamba thamani iliyozidi kiwango kinachowezekana ni takataka. Usiende upande wa pili ukaandika kila sekunde milele. Flashi nyingi za ndani ya prosesa zimekadiriwa kuvumilia kufutwa mara 10,000 hivi. Ukifuta ukurasa uleule kila sekunde, unamaliza idadi hiyo ndani ya saa tatu. Kumbukumbu ya aina ya FRAM, ambayo nayo haifutiki umeme ukikatika, ni mvumilivu mno, na kwa kazi hii inafaa gharama yake.

Majaribio mangapi? Hapa wengi huangushwa na mtahini. Ukifanya majaribio 30 na kosa lisitokee hata mara moja, hujathibitisha kwamba halipo. Kanuni nyepesi ya takwimu inasema: kwa uhakika wa asilimia 95, kiwango cha kosa kinaweza bado kufikia 3 gawanya kwa idadi ya majaribio. Kwa 30 hiyo ni asilimia 10. Kwa 300 ni asilimia 1. Timu ile ingeishia jaribio la 40, ingeandika "hakuna hitilafu" na kuamini.

Tumia akili pia, usitegemee bahati peke yake. Ukishajua nafasi hatari ni pale kumbukumbu inapofutwa, elekeza ukataji hapo: programu iinue pini moja inapoanza kufuta, na relei ikate kwa kuifuata. Majaribio hamsini yaliyolengwa yatakuambia mengi kuliko mia tano ya kubahatisha. Kwenye tasnifu yaripoti kando kando, kwa sababu yaliyolengwa hayakupi kiwango cha kosa cha maisha ya kawaida.

Mwisho wa hatua hii, iache meza iwake mfululizo kwa siku nyingi kadiri ratiba inavyoruhusu, bila kuizima. Hilo ni kwa ajili ya mtego wa kitu kinachokua.

Utajua umefaulu ukishapata hitilafu. Kweli. Kampeni ya kuvunja isiyovunja kitu mara nyingi ina meza mbovu. Ijaribu: rudisha kosa la zamani kwenye msimbo makusudi, uone kama meza inalikamata.

## Hatua ya 9: Usisahau amri za kutoka ardhini

Kwa kifupi, maana hapa njia inajulikana. Amri hatari ziwe za hatua mbili: "andaa", kisha "tekeleza" ndani ya muda maalumu, la sivyo maandalizi yafutike. Amri ya kuzima redio iwepo, na ijaribiwe kila programu inapobadilika. Kanuni za redio za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, zinataka chombo cha angani kiwe na njia ya kunyamazishwa mara moja kwa amri. Programu mpya ikipakiwa kutoka ardhini, ile ya awali ibaki mahali pake bila kuguswa, na wochidogi (saketi inayoiwasha upya kompyuta iliyoganda) iwe na uwezo wa kuirudia. Na kama setilaiti haijasikia amri yoyote kwa siku kadhaa, irudishe mipangilio ya redio ya mwanzo yenyewe.

## Hatua ya 10: Andika ushahidi

Mpangilio unaofanya kazi ni mnyoofu: dai, hoja, ushahidi. Dai: antena haifunguki kabla ya dakika 30 hata umeme ukikatika. Hoja: njia zinazoweza kuleta hilo ni hizi, kila moja imezibwa hivi. Ushahidi: majaribio namba fulani hadi fulani, programu yenye alama fulani ya uhakiki.

Weka jedwali moja linalofuata uzi kutoka hasara, amri, kisa, sharti, hadi jaribio. Mtahini akiweka kidole kwenye jaribio lolote, aweze kurudi mpaka H1 bila kukuuliza. Jaribio lisilorudi kwenye hasara yoyote liondoe. Sharti lisilo na jaribio liache lionekane tupu. Usilijaze kwa maneno.

Ripoti hitilafu zote ulizozipata, pamoja na zile zinazoaibisha. Namba 41 ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika kazi ya timu ile.

Taja pia mipaka. Kugeuza biti kwa kifaa cha utatuzi si mionzi: mionzi inaweza kupiga rejista ambazo kifaa chako hakizifikii, au kusababisha mkondo mkubwa unaounguza chipu. Meza haina joto na baridi ya obiti. Sema hivyo kwa sentensi mbili na uendelee.

## Kabla ya kufunga kifuniko

Ulipoongeza kumbukumbu isiyofutika, uliongeza pia kitu kinachokumbuka majaribio yako. Bendera ya "antena imeshafunguliwa" iliyobaki na thamani ya ndiyo tangu jaribio la mwisho itafika obitini hivyohivyo. Setilaiti itaisoma, itaridhika, na haitakata uzi kamwe.

Kwa hiyo siku ya kukabidhi, baada ya jaribio la mwisho kabisa na kabla ya pini ya usalama (ile inayozuia setilaiti kuwaka) kurudishwa mahali pake, soma kumbukumbu yote inayodumu, anwani kwa anwani. Kipima muda: sifuri, nakala zote mbili. Idadi ya kujiwasha: sifuri. Bendera ya antena: hapana. Yule ambaye hakuandika msimbo azisome kwa sauti, mwingine aandike daftarini, wote wawili watie saini. Ukiiwasha tena baada ya hapo, hata kwa dakika moja ya kuwaonyesha wageni, usomaji unaanza upya.